Tamasha la Jumamosi

Barua ya serikali ilipofika kwenye ukumbi wa michezo wa Southwark, London, mtunzi wa michezo ya kuigiza Ambrose Thirkell aliisoma kwa sauti huku akirukaruka.

"Crowle! Jumamosi natakiwa Westminster, kwenye tamasha, mbele ya umma! Hatimaye wakubwa wamenikumbuka!"

Wystan Crowle, seremala wa ukumbi, aliacha kupiga randa. Siku mbili zilizopita alikuwa huko huko Westminster, amekodiwa kujenga jukwaa sokoni bila kuambiwa ni la nini.

"Tamasha gani, Ambrose?"

"Tamasha ni tamasha, bwana wee! Msafara wa malkia, mchezo, ngoma."

"Na yule waziri kwenye mchezo wako, aliyekatwa kichwa watu wakitazama? Tukio lile uliliitaje?"

Ambrose akacheka. "Tamasha vile vile. Neno si ndilo hilo hilo?"

"Basi nisikilize. Hilo jukwaa halina pazia, wala mlango wa kutokea waigizaji. Wameagiza vumbi la mbao na gogo la kufika kiunoni. Nikauliza, mtu atalazaje kichwa hapo? Wakaniambia si kichwa, ni mkono."

Kicheko kilimkatika Ambrose. Kijitabu chake cha kuwakejeli mawaziri kilikuwa kimeuzwa mitaani wiki tatu, bila jina la mtunzi.

"Nani kanitaja?"

"Utauliza ukishafika mbali. Kuna mashua ya kwenda bandari ya Gravesend inaondoka sasa hivi. Nenda!"

Akaenda, hata kofia hakuchukua.

Jumamosi soko lilifurika. Watu walibeba watoto mabegani, wakila matufaha. Ofisa aliliita jina la Thirkell mara tatu. Hakutokea mtu. Crowle, aliyesimama katikati ya umati, akashusha pumzi. Ofisa akakunja karatasi, akakunjua nyingine.

"Watu wamekuja kutazama," akasema, na askari wakampandisha Jerome Hobday, mzee aliyekichapa kile kijitabu.

Crowle alifumba macho. Alisikia nyundo ikipiga kisu mara moja, kisha makofi. Akajipenyeza hadi mbele, akapanda, akamfunga mzee kigutu kwa shati lake mwenyewe.

"Mkono wa kukatwa ulikuwa wa Thirkell," Hobday alinong'ona, meno yakigongana. "Sivyo?"

Crowle akakaza fundo la shati.

Karani wa ofisa alimsogelea, kalamu mkononi. "Na wewe unayemhurumia, rafiki, unaitwa nani?"

Crowle akalitaja jina lake, herufi kwa herufi.