Leso Ndani ya Datsun

Kabla ya Pijo, Muasya alimpenda jirani yake, Kabiru. Walihamia mtaa wa Buruburu Phase Two, Nairobi, mwezi mmoja, wakapanda ua mmoja wa michongoma, na kati yao wawili Muasya ndiye aliyekuwa na gari. Ilikuwa Datsun 1200 nyeupe ya milango miwili. Kila Jumapili alimpa Kabiru lifti ya kanisani, naye Kabiru akajikunja kiti cha nyuma, magoti karibu na kidevu, akishukuru njia nzima. Muasya alizipenda zile shukrani kuliko hata gari lenyewe.

Halafu biashara ya mbao ya Kabiru kule Gikomba ikanawiri, na Jumamosi moja akaingia uwanjani kwa Pijo 504, ile ndefu ya safu tatu za viti.

"Baba Koki, hebu ingia ujisikie," alisema. "Hii si gari ya kukunja miguu."

Muasya aliingia, kwa sababu kukataa kungeonekana kijicho. Akakaa safu ya katikati, akanyoosha miguu, akainyoosha zaidi, na ncha ya kiatu isifike kiti cha mbele. Juu ya nywele zake za afro palibaki nafasi ya kofia. Kiti kilimpokea taratibu kama godoro la wageni. Nyuma yake kulikuwa na safu nyingine, na nyuma ya hiyo mahali pa magunia. Alitafuta kasoro akaikosa.

"Hii inakunywa mafuta," alisema mwishowe.

"Inakunywa sana," Kabiru akakubali huku akicheka. "Lakini na sisi tunakaa."

Tangu hapo wivu ulimla Muasya maini. Alikuwa karani mjini, na kila asubuhi akiingia Datsun yake kwenda kazini aliyaona mambo ambayo hakuwahi kuyaona. Kumbe dari lilimsugua nywele. Kumbe kila akibadilisha gia kiwiko chake kilimpiga mkewe, Nzilani, na yule mwanamke alikuwa amevumilia kimya miaka yote. Jumapili ya kwanza Kabiru alimpigia honi nje ya lango, akamwambia leo lifti ni yake. Muasya akasema ana mafua, akashinda nyumbani bila kusali.

Sasa mama mkwe. Mama yake Nzilani alikuwa amekuja kutibiwa macho, akapona, akataka kurudi kwake Kathiani, juu ya Machakos. Muasya aliisubiri safari hiyo kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Siku alipokwenda kuposa alikuwa ameshuka basi akatembea, na mashemeji wakamcheka viatu vilivyojaa vumbi. Alitaka Kathiani nzima imwone akimrudisha mama yao kwa gari lake mwenyewe. Hakutaka kingine mwaka ule.

Tatizo lilikuwa nthoni. Kwa Wakamba, mume wa binti na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawakai benchi moja, na wakigusana hata kwa bahati mbaya mwanamume hutoa mbuzi. Mama huyu alikuwa amebatizwa zamani na aliimba kwaya, lakini nthoni ilibaki nthoni. Muasya akiingia nyumbani jioni, yeye alihamia chumbani na sahani yake, na salamu zikapitia kwa Nzilani.

"Mama ni mrefu," Nzilani alimwambia. "Akikaa nyuma ya Datsun magoti yake yatakuwa mgongoni mwako. Mbele ndiyo hata haisemeki. Tumwombe jirani, Baba Waringa. Kwa Pijo yeye akae nyuma kabisa, wewe mbele, hata harufu yako haitamfikia."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," Muasya akajibu.

"Na Datsun inasitiri nini, Baba Koki?"

Swali hilo lilimkaa kooni siku nzima, na kesho yake akapata jibu, akajiona mwerevu kupita kiasi. Alifunga kamba kutoka mlango hadi mlango, akatundika leso ya Nzilani ikawa pazia kati ya mbele na nyuma. Ilikuwa kanga ya rangi ya machungwa, imeandikwa *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Kisha akasogeza kiti chake mbele mpaka kifua kikagusa usukani, ili magoti ya mama mkwe yapate pa kukaa. Na kwa kuwa leso iliacha upenyo juu, na katika upenyo ule kioo cha dereva kingemwonyesha macho ya mama mkwe, akakigeuza kioo kikatazama dari. Heshima ikatimia.

Asubuhi ya safari mama mkwe alitolewa mlangoni Muasya akiwa amejificha jikoni. Akapenyezwa nyuma, kichwa kwanza, Nzilani akimsukuma na kumwomba radhi. Alipokwisha kukaa, Muasya akatoka akitazama chini, akajibana nyuma ya usukani. Nzilani naye akaketi mbele na kikapu mapajani.

"Mama anauliza kama miguu yake itarudi Kathiani au itabaki hapa," Nzilani alisema.

"Mwambie ni mwendo mfupi."

Ng'ambo ya uwanja Kabiru alikuwa ameitoa Pijo aioshe. Muasya alimwona kwa pembeni, ndoo mkononi, suruali imekunjwa, akipapasa ule mwili mrefu wa gari kama mtu anayemsugua ng'ombe wake wa maziwa. Moyo ukamchoma. Akaamua kuondoka kwa kishindo, jirani ajue kwamba wengine pia wana safari. Akatia gia ya nyuma, akakanyaga mafuta. Kwenye kioo aliona dari. Akageuza shingo, akaona *Mgeni njoo mwenyeji apone*.

Datsun iliikuta Pijo palepale ilipokuwa.

Kwa hofu Muasya akatia gia ya mbele, gari likaruka, akapiga breki kwa miguu yote miwili. Kamba ikakatika. Mama mkwe akaja mbele na ile leso, akamwangukia, na asipate pa kushika isipokuwa shingo ya mkwewe. Akaikumbatia kwa nguvu zote, shavu lake juu ya afro. Walikaa hivyo muda ambao kwa Muasya ulikuwa mrefu kuliko ndoa yake. Alifumba macho.

Pijo ilichubuka bampa kidogo tu. Datsun ilikunjika nyuma, bati likalala juu ya gurudumu, haiendi popote.

"Wacha hiyo, Baba Koki, chuma ni chuma," Kabiru alisema akifuta mikono. "Mama wa watu asichelewe. Ingieni kwa hii."

Bora angetukana. Muasya angejua la kujibu.

Basi wakaenda kwa Pijo, mama mkwe safu ya mwisho, peke yake, miguu ameinyoosha juu ya kiti. Kabla ya Athi River alikuwa anakoroma. Muasya alikaa mbele kando ya Kabiru, na kila shimo la barabara ambalo Datsun ingempigia uti wa mgongo, Pijo ililimeza tu. Mwili wake ulistarehe bila idhini yake, na aliuchukia kwa hilo.

Kathiani wanawake walitoka na vigelegele, wakaizunguka Pijo, wakaipapasa. Mashemeji wakakimbilia upande wa dereva wakamshika Kabiru mikono yote miwili. Muasya alijifungulia mlango, akashuka upande wake, akaufunga mwenyewe. Viatu vyake vilikuwa safi kabisa, na hakuna aliyevitazama.

Mama mkwe aliingizwa ndani. Punde Nzilani akatokea mlangoni na ujumbe. Akausema kwa Kikamba, macho ameyashusha, lakini sauti ikasikika uani kote.

"Mama anasema kilichotokea garini kimetokea, na yeye anamngoja mbuzi wa nthoni. Tena anasema usimsumbue jirani kwa gari kubwa. Mlete kwa lile lako dogo. Mbuzi ataenea."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika bampa ya Pijo asianguke. Mashemeji wakacheka zaidi ya ile siku ya vumbi.

Kabiru, Mkikuyu asiyejua neno la Kikamba, alitabasamu kwa kuwa wenzake walifurahi. Akamwinamia Muasya.

"Mama amesema nini?"

"Amesema asante."

"Mzee mzuri huyo. Mwambie akitaka kuja tena Nairobi, nitamfuata mimi mwenyewe."

Nzilani alikuwa bado mlangoni, akingoja kupeleka jibu ndani. Muasya alimtazama mkewe, akaitazama Pijo, akainama kupangusa viatu vyake visivyo na vumbi.