Tangazo la Kulipiwa

Sekunde ishirini. Ndizo alizopewa Kifutio kusoma kila chapisho lililoripotiwa mtandaoni, kuliamua na kumeza mate. Wenzake walimbandika jina hilo kwa jinsi alivyofuta upesi. Feni moja iliwapulizia watu thelathini, ikawachagua kwa zamu, na simu zao zote zilikuwa zimefungiwa kwenye sanduku la msimamizi.

Likaja tangazo: wahudumu wa hoteli wanatakiwa ng'ambo, lete pasipoti yako leo saa sita. Sura ya wakala aliijua. Wiki hii pekee ameifuta mara nne, kila mara jina jipya, meno yaleyale. Akabofya kufuta. Kitufe kikagoma: tangazo la kulipiwa.

Wa kwanza kutoa maoni chini yake alikuwa dada yake. "Kazi nimeshaacha. Niko njiani, Mungu ni mwema."

Saa sita kasorobo.

Akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Bosi, naomba simu yangu. Dada yangu anatapeliwa."

"Ameshatapeliwa?"

"Anakwenda kutapeliwa."

"Basi bado." Wawili wakacheka, wale ambao mikataba yao inaisha mwezi huu. "Matangazo ya kulipiwa hayatuhusu. Mlango ule pale. Ukitoka, usirudi."

Hakutoka. Dada akiwa ameshaacha kazi, nyumba nzima sasa ilimtegemea yeye. Badala yake akaandika chini ya maoni ya dada, herufi kubwa tupu: "HAWA NI MATAPELI. DADA, RUDI NYUMBANI."

Haikupita dakika, Baba Pacha wa kiti cha pembeni akaacha kutafuna kalamu.

"We binti, umefanya nini? Wenye tangazo wameripoti maneno yako. Yameniangukia mimi."

"Yaache."

"Kumwita mteja tapeli ni tusi, kanuni unaijua. Nikikosea tena mara moja tu, naondolewa. Na wale wangu wawili wanakula kama wanne."

"Ni dada yangu, Baba Pacha."

"Sekunde tisa." Alikuwa akiitazama skrini. "Nane. Usiniangalie hivyo, bwana."

Kidole kikasita, kikashuka.

Onyo likatoweka. Maneno ya dada yakabaki peke yake, kisha chini yake wakala akajibu:

"Tumekuona getini, dada yetu. Ingia tu, wenzako wameshafika."