Pamba Safi ya Mwalimu Selestini

Jumatano ni siku ya wali maharage katika mgahawa ulio nyuma ya ofisi za halmashauri, Lagangabilili. Jumatano hiyo Anyes, afisa ugani wa pamba, alimwita mhudumu amletee chakula, akaambiwa ameshakula. Sahani ilikuwa mbele yake, tupu. Mkono wa kulia ulikuwa umekula, wa kushoto ulikuwa na simu, na mwenyewe alikuwa Uturuki, akimtazama mtu akiosha mazulia.

"Umezidi sasa," alisema Damas wa idara ya mifugo, akichokonoa meno. "Nenda Bariadi kwa Mwalimu Selestini. Anatibu watu wa simu kwa dini ya Budha."

"Mimi Mkatoliki, Damas."

"Kwani nimesema ukabatizwe? Unakaa tu, unapumua."

Anyes alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mwezi wa pili mama yake alimpigia kutoka Ngara akiwa mgonjwa, na Anyes akaikata simu ili isimharibie video. Angempigia baadaye. Mama alituma ujumbe wa sauti, mfupi, na jioni ileile akafariki. Tangu hapo Anyes aliusikiliza ujumbe ule kila siku, kisha kidole gumba kikateleza kwenda kwenye video nyingine bila hata aibu. Alikichukia kidole hicho. Ndicho kilichompandisha bodaboda Jumamosi.

Zamani Selestini alikuwa fundi mashine kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na bosi wake, Msri Lanka mpole, alimfundisha kukaa kimya wakati wenzake wanakula. Kinu kilipofungwa bosi alirudi kwao, Selestini akabaki na ule ukimya. Wanafunzi wake walikaa juu ya mikeka katika ghala nyuma ya nyumba yake, viatu nje, chini ya picha ya Budha iliyokatwa kwenye kalenda. Anyes alichagua kukaa mlangoni ili awe wa kwanza kutoroka.

"Fuateni pumzi," alisema Selestini. "Wazo likija, liacheni lipite. Anayeshikilia ndiye anayeumia."

Anyes aliona huo ni usingizi uliopewa cheo. Hata hivyo alikaa. Baada ya muda sikio la kushoto lilimwasha, akalichokonoa, akavuta bonge la pamba kubwa kama yai la kanga. Alilisikiliza. Lilikuwa na yule mtu wa mazulia, bado anaosha. Pembeni yake Mwandu, bodaboda wa Nkoma aliyemaliza ng'ombe wa baba yake kwa kubeti, alikuwa anatoa la kwake, lenye makelele ya uwanja wa mpira.

"Wabeja, mayu, umeanza vizuri," Mwandu alimpongeza, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mimi la kwanza lilikawia sana. Tia hapo kwenye gunia."

Kilichomshtua Anyes ni gunia. Lilikuwa la salfeti, lile la plastiki, na pamba yote ilikuwa imetupwa humo, nyeupe na chafu.

"Mungu wangu, mnachanganya!" alisema. Kazi yake yote wilayani Itilima ilikuwa kuwapigia kelele wakulima kuhusu jambo hilo: safi peke yake, fifi iliyochafuka peke yake, na salfeti isiguse pamba. Wiki iliyofuata alikuja na magunia ya kitambaa, akawakalisha wanafunzi wenzake, akawafundisha kupanga madaraja. Fifi ni matusi, matangazo, na harusi za watu usiowajua, hiyo ichomwe. Safi ni sauti za watu wanaokupenda, zilizokuwa zimefukiwa na takataka, hiyo itunzwe. Selestini alimsifu mbele ya wote, akasema safi ataitunza yeye mwenyewe.

Anyes alipata nafuu. Aliweza kumaliza sahani na kusema kama maharage yana chumvi. Siku moja alisimama juu ya choo cha shimo, akaachia simu, akaisikia inafika chini. Kuupoteza ujumbe wa mama hakukumtia hofu. Alikuwa nao kichwani, neno kwa neno, pamoja na kikohozi.

"Bado umeshikilia kitu," Selestini alimwambia.

"Ni mama tu."

"Hata mama."

"Mwalimu, kweli? Hata mama?"

"Hasa mama."

Alilia, akakaa, akafuata pumzi. Sikio la kulia lilitoa pamba ya nyuzi ndefu, nyeupe pe, ambayo siku hizi mbegu zetu haziwezi kuizaa. Aliikagua mwenyewe kwenye mwanga wa mlango. "Safi," alisema, akaitia guniani kwa mkono wake.

Siku chache alijiona mwepesi. Kisha, akiosha vyombo, alitaka kumkumbuka mama. Maneno yalikuja, sauti haikuja. Yalikuwa yanasomwa na mtu wa redio. Alifuta mikono, akaenda Bariadi, ingawa haikuwa Jumamosi.

Marcelina, mke wa Selestini, alikuwa uani anapepeta choroko.

"Mwadila, mayu. Mwalimu yupo ndani. Siku hizi hatoki."

"Anaumwa?"

"Anasikiliza."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Selestini alikuwa amelalia ubavu juu ya mto ulioshindiliwa pamba, mnene kama robota, sikio limezama, kidole gumba kinateleza juu ya foronya. Kila kilipoteleza, mto ulibadili sauti. Mtoto wa mtu alicheka. Bibi wa mtu alisali. Kisha akasikika mama, na Anyes akamtambua kabla hajamaliza kukohoa.

"Anyes mwanangu, hupokei. Basi, si kitu. Umeshakula?"

"Nimekula, mama," alijibu Selestini, macho amefumba.

Anyes alishika mwimo wa mlango. Alishaibiwa maishani, pochi, kuku, hata mchumba, lakini alikuwa hajawahi kuibiwa na mtu aliyemfundisha kwanza kufungua mkono.

"Mwalimu, huyo ni mama yangu."

"Ulimwachia."

"Nilimwachia. Sikukupa wewe."

Selestini hakuinuka. "Nimekaa kimya miaka mingi, Anyes. Unajua humo ndani kuna nini? Kimya. Mimi hakuna aliyewahi kunitumia sauti."

"Nitolee pamba yangu."

"Ipi? Si wewe uliyetufundisha safi yote ni daraja moja, gunia moja?"

Mganga hajigangi, wanasema. Huyu alikuwa amejiganga kwa dawa za wagonjwa wake. Anyes alimwita mwizi, tapeli, mchawi. Uani, Marcelina aliendelea kupepeta.

Alikwenda kijiwe cha bodaboda kumchochea Mwandu, akamkuta anafuta vumbi pikipiki.

"Tunajua, mayu," alisema Mwandu. "Mimi zamu yangu ya mto ni Alhamisi. Mke wangu yumo mle, ananiita kama alivyokuwa ananiita kabla hajaondoka."

"Na mnanyamaza?"

"Tukisema, atafunga mlango."

Anyes alirudi, akasimama uani mpaka Selestini akatoka. Masharti yalikuwa mepesi. Aendelee kuchambua kila Jumamosi, kwa sababu jicho lake halina mfano, na Jumapili baada ya misa atalazwa kichwa kidogo juu ya mto. Anyes alimchukia wakati wote alipokuwa akimsikiliza, kisha akakubali.

Msimu wa kununua pamba ulipofunguliwa, ghalani alikuja mgeni, Precious, muuguzi aliyehamishiwa Bariadi kutoka Tanga. Alikuwa amemwacha mwanawe kwa bibi. Mwanzoni alikaa mlangoni na kuguna kila Mwalimu aliposema neno. Jumamosi moja alivuta bonge kubwa sikioni, akataka kulirudisha.

"Dada, na hili niliache? Mwalimu anasema niliache."

Anyes alilisogeza sikioni. Mtoto alikuwa anamhesabia mama yake vifaranga, anakosea, anacheka, anaanza upya. Chini ya picha ya Budha, Selestini alikuwa amefumbua jicho moja. Kesho yake ilikuwa Jumapili.

"Safi," alisema Anyes, akamfungulia mdomo wa gunia.