Ukuta wa Mbuta

Kisiwani Mfangano, mtumbwi haukuingia majini kabla Cephas hajaupitishia mkono wake. Majina ya ubavuni, maua, simba wenye ndimi nyekundu, yote yalikuwa kazi yake. Hata Benta, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ni yeye aliyemfundisha kushika brashi. Ndiyo maana roho ilimuuma Cephas siku alipokuta watu wamejazana kwenye banda la kupimia samaki, na hakuna aliyekuwa na haja na mitumbwi.

Benta alikuwa amechora ukuta mzima. Alianza na samaki aina ya mbuta mwenye urefu wa mtu, kama wale waliovuliwa enzi baba za wavuvi wakiwa vijana. Akafuata mdogo wake, kisha mdogo zaidi, mpaka wa mwisho anayetosha kiganjani. Baada ya huyo, ukuta ulikuwa mtupu.

Wavuvi walikuja kucheka. Obare, ambaye mdomo wake ulijulikana gati zima, alimbandika mbuta wake wa asubuhi ukutani ili wenzake waone mzaha. Akalingana na yule wa mwisho. Kicheko kikamkaukia.

"Kumbe tunavua watoto," akasema.

Juma lile lile aliikabidhi kamati ya ufuo wavu wake wa matundu madogo. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja, wakinung'unika. Wageni wakaanza kuvuka ziwa kuja kupiga picha, na kila mmoja aliuliza, "Benta ni nani?"

Nyumbani, Cephas aliusukuma ugali kando. "Samaki gani wale! Hata mapezi hajui kuyapanga."

"Wivu huo, baba Clifford," mkewe Pamela akamwambia. "Kula, chakula kinapoa."

Hakula. Miaka yote hiyo amechora, nani aliwahi kuacha jambo lolote kwa sababu ya simba wake?

Jumapili, watu wakiwa kanisani, alichukua kopo la rangi nyeusi akaenda bandani. Alianza na jina la Benta lililoandikwa pale chini, akalifunika lote. Kisha akainua brashi kwa yule mbuta mkubwa, na hapo akaliona jicho. Lilikuwa na unyevu, kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Yeye hajawahi kuchora jicho kama lile. Alisimama pale akilichukia, na mkono ukakataa kushuka.

"Fundi."

Alikuwa Benta, Biblia kwapani. Aliitazama ile brashi, akalitazama doa jeusi mahali jina lilipokuwa. Machozi yalimlengalenga, lakini sauti haikutetereka.

"Na samaki? Umewaacha?"

"Nimewaacha."

"Kwa nini?"

Cephas alitafuta uongo, akaukosa. "Wamenishinda, nyathina, mwanangu."

Benta aliligusa lile doa kwa kidole. "Watu wa kisiwa cha Takawiri wanataka ukuta wao. Wanataka na maandishi juu yake, yasomeke kutoka majini. Herufi zangu zinalala kama walevi, unajua mwenyewe. Utakuja?"

"Baada ya hili nililofanya?"

"Nimekasirika, Fundi. Lakini mwenye herufi ni wewe."

Alikwenda. Aliandika ACHENI WADOGO WAKUE kwa herufi ndefu kama milango, nyeupe juu ya buluu, huku Benta akichora chini yake. Walipomaliza, mama mmoja mchuuzi alisimama kusoma kwa sauti, akamwita mumewe kutoka mtumbwini, wakaanza kubishana papo hapo juu ya wavu wao. Mume akashindwa.

"Huyu Benta ana kipawa!" yule mama akasema.

Cephas alihisi ule wivu ukimchoma tena kifuani, palepale pa zamani. Akainama, akaanza kuosha brashi: zake kwanza, kisha za Benta.