Kiti cha Kimbunga

Siku ya nusu fainali, mama yake Kimbunga alifika ukumbini na mfuko wa nguo safi, akaambiwa asubiri karibu na mashine ya soda. Ndani, mafundi walikuwa wakipangusa skrini kubwa kuliko nyumba yake. Dunia nzima ilileta timu zake hapo, vijana wanaolipwa kucheza gemu za kompyuta, jezi zao zimejaa matangazo mpaka kwapani. Mama alikuja kumchukua mwanawe. Baba mtu alikuwa hoi hospitalini, na kila alipozinduka alimwulizia kijana.

Meneja alitokea akitabasamu kama mtu anayelipwa kutabasamu. Alimweleza bila hata kupepesa macho kwamba Kimbunga haiwezekani asimame. Kocha alikuwa na sheria: mchezaji hanyanyuki kati ya mechi na mechi, kwa sababu eti kiti kikipoa, vidole navyo vinapoa. Wenzake walikuwa wajanja, kocha akigeuka tu wananyanyuka. Kimbunga, masikini, alilelewa vizuri, akatii. Kwenye raundi ya pili mgongo wake ukashikana na kiti. Kufikia robo fainali mapaja yake yalikuwa ya ngozi nyeusi yenye mshono mwekundu, ile ile ya kiti. Daktari wa timu alimpima presha, akasema iko vizuri.

Mama alimkuta kwenye mazoezi. Alimpapasa begani, akatafuta mahali mwanawe anapoishia na kiti kinapoanzia, asipaone.

"Shikamoo mama," Kimbunga alisema, macho kwenye skrini.

"Marahaba. Baba yako anakuita. Twende hivyo hivyo, si kina magurudumu?"

Meneja alikohoa. Kijana ni wake, alisema, amchukue hata sasa hivi, hakuna wa kumzuia. Lakini kiti ni mali ya mdhamini, na mali ya mdhamini haitoki getini. Mama aliuliza sasa atamchukuaje. Meneja akajibu kwamba hayo ni mambo ya kifamilia, yeye asingependa kuyaingilia. Watu wengine wana adabu jamani.

Wakampa tiketi ya bure, safu ya nyuma kabisa. Mdhamini mwenyewe alipanda jukwaani, kitambi mbele, akatamka kwamba vijana ndio mali yetu, na kusema kweli hapo hakudanganya. Mtangazaji alimsifu Kimbunga kwa kujitolea mwili mzima. Ukumbi ulipiga makofi, watu wazima na akili zao.

Katikati ya mechi simu ya mama iliita. Alisimama kupokea, na Kimbunga akaona mwanga wa simu usoni mwake kule juu gizani. Macho yake yalitoka kwenye skrini kidogo tu. Timu ikatolewa.

Hawakuchelewesha. Meneja alimshika Kimbunga mkono, akamshukuru, akamwambia kuanzia sasa yuko huru kabisa. Kisha akaagiza kiti kirudishwe stoo.

Mtunza stoo alikisukuma taratibu, mama akifuata na mfuko wake. Mle ndani mlikuwa na viti vya mashindano ya nyuma, safu kwa safu, na vijana wake. Wengine walishaota ndevu.

"Shikamoo mama," walisema wote.

Aliwaitikia. Mtunza stoo alianza kuwafunika kwa nailoni, vumbi lisiwaingie. Alipofika kwa Kimbunga mama alimwomba huyu amwache, naye akamwacha, hakuwa mtu mbaya.

"Baba ananiita bado?" Kimbunga aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Haiti tena."

Kimbunga alilia. Mama alimfuta machozi, kisha akafuta na mkono wa kiti, maana yalikuwa yanatoka huko pia.

"Mama, tunafunga," alisema mtunza stoo.

"Funga tu, baba," mama akasema, akakaa sakafuni, kwa kuwa viti vyote vilikuwa na watu.