Maziwa ya Gaju

Miezi mitano Bayingana alikuwa anatapika, na mkewe Uwamwezi alikuwa amechoka kuulizwa nani amemroga. Aka! Watu wa Kirolirwe bwana, kwa uchawi hawajambo. Mwanamume anakula viazi asubuhi, jioni viazi vinarudi vilevile, basi jirani anakunja uso na kuanza kutaja majina ya mashemeji. Hakuna aliyetaja kidonda. Na kidonda cha tumbo Bayingana alikuwa nacho tangu ujana. Kikimuuma, alikunywa kikombe cha maziwa, akajipangusa midomo, akarudi kwa ng'ombe wake. Kikapona, kikafunguka, kikapona tena, miaka nenda rudi, mpaka makovu yakauziba ule mlango ambamo chakula hutoka tumboni kwenda kwenye utumbo.

Aliyewaeleza hayo ni Dokta Nzanzu, mtu wa Butembo mwenye maneno machache, aliyekuwa akipanda kutoka Goma mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali, kuja kutibu kwenye hospitali ndogo ya mlimani. Alikuja na mpira mwembamba wenye kamera kwenye ncha. Mara ya kwanza alimmezesha Bayingana ule mpira, akafika mpaka kwenye mlango ulioziba, akapitisha kiputo kidogo na kukijaza ili kuupanua. Siku kumi na nane mtu akala kama watu. Uwamwezi alithubutu hata kuimba akiosha sahani, masikini. Siku ya kumi na tisa, uji ukarudi wote, mbele ya binti yao Mahoro.

"Kovu imerudi," Dokta Nzanzu akasema mwezi uliofuata. "Sasa nitapasua. Ile mulango tunaiacha hivyo. Nitaunganisha tumbo na utumbo kwa njia ingine."

"Atapona, Dokta?"

"Amekonda sana, Mama. Nitajaribu."

Bayingana alikuwa amebaki mifupa na macho. Hata pete ya ndoa walikuwa wameifunga kwa uzi isimdondoke.

Wakamtia mpira mwingine puani, ukashuka mpaka tumboni, wa kutoa uchafu na kusafisha. Siku tatu asipitishe kitu mdomoni, maji ya mshipa tu. Muuguzi Kavugho, dada mnene mwenye sauti ya sokoni, aliwaambia mara tatu, na mara ya nne akamwonyesha Uwamwezi kidole: "Mama Mahoro, hata tone! Umesikia? Hata tone!"

Alisikia. Siku ya kwanza alilinda kitanda. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu mchana, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kupasuliwa, pikipiki ikaleta mzigo kutoka Kirolirwe. Ulitoka kwa Mama Murekatete, mamake Bayingana, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena hata kufika barabarani. Ndani ya kitenge kulikuwa na chombo cha mti chenye mfuniko wa kusuka, kimejaa maziwa ya mgando, mazito. Kijana wa pikipiki akafikisha na maneno kama alivyopewa: "Haya ni ya Gaju, ile ng'ombe yake. Amezaa. Mama anasema mtoto wake asiingie kwenye kisu bila kuagwa."

Nieleze, kwa maana watu wa mjini watacheka. Kwenye milima ile, mtu anayekwenda safari asiyojua mwisho wake hupewa maziwa ya nyumbani kwao, akanywa yote, ndipo akaondoka. Akiondoka bila hayo, amefukuzwa. Na maziwa hayamwagwi. Ukimwaga maziwa makusudi, unawaombea ng'ombe kufa. Kavugho, ambaye kwao ni mahindi na maharage, alikitazama kile chombo akasema, "Toa ile kitu hapa, mwaga, ao upatie wengine." Akaenda zake na ndoo yake. Kumpa mwingine maziwa ya kumuaga mume wako! Uwamwezi akakisukuma chombo chini ya kitanda.

Lakini Bayingana alikuwa ameshasikia harufu.

"Gaju amezaa?" akauliza. Wiki nzima hakuwa ameinua kichwa, sasa akainua. "Dume ao jike?"

"Jike."

Akacheka. Uwamwezi alikuwa amesahau meno yake yanavyokaa akicheka.

"Unipatie, mama wa mutoto."

"Dada Kavugho amekataza."

"Mimi njo najua mwili yangu. Kesho siamuki." Alilisema kwa upole tu, kama mtu anayesema kesho haendi sokoni. "Usiniache niende kama mbwa."

Jamani, msinitolee macho. Wewe ungefanyaje? Alitazama mlangoni, akakitoa chombo, akamwinua shingo. Bayingana alikunywa polepole, mpira puani, machozi yakimtoka, akamaliza yote mpaka chini, kama inavyotakiwa. Kisha wakangoja wote wawili. Hakutapika. Saa ikapita, hakutapika! "Unaona?" akanong'ona, "ya Gaju inakaa." Na Uwamwezi, mwanamke mwenye akili zake, aliyeelezwa na daktari mwenyewe kwamba mlango umefungwa, alijiambia kwamba mpaka asubuhi maziwa yatakuwa yameshashuka. Yashuke yapite wapi? Hakujiuliza. Mapenzi yalimziba akili, nasema waziwazi, na mimi ninayesimulia jambo hilo bado linaniuma.

Asubuhi Kavugho alivuta kwa bomba la sindano kwenye ule mpira wa puani. Vikatoka vijimaji vichache, basi. Mgando haupiti kwenye mpira mwembamba.

"Mama Mahoro. Alikula kitu?"

Koridoni Dokta Nzanzu alikuwa anafunga sanduku lake la vyombo vya kamera. Usiku walisikia risasi upande wa Ngungu, na dereva wake alikuwa amekwisha sema ya kwamba ikifika saa nane barabara ya Goma itafungwa. Uwamwezi aliliona lile sanduku. Akisema ndiyo, wataahirisha. Wakiahirisha, dokta anashuka Goma, na mwezi ujao Bayingana hatakuwepo.

"Hapana, dada."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Wakamsukuma kwenye kitanda chenye magurudumu. Bayingana akamkonyeza mkewe, kama enzi za uchumba.

Hazikupita dakika thelathini mlango ukafunguka. Uwamwezi alijua operesheni haiwezi kwisha upesi hivyo. Dokta Nzanzu alisimama mbele yake, kitambaa cha mdomoni kimeshushwa shingoni, na kwenye aproni yake, kifuani, kulikuwa na mabonge meupe.

"Tulimupa dawa ya usingizi," akasema. "Tumbo ikarudisha. Ikaingia mu mapafu. Tumevuta, tumevuta, Mama... Kisu sikushika hata." Akajitazama kifuani. "Hii ni nini?"

"Maziwa," Uwamwezi akasema.

Kavugho, nyuma yake, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Niliogopa utaenda," Uwamwezi akasema. "Niliona sanduku."

Dokta akaketi kwenye benchi kando yake. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka mpaka mifupani, "Sanduku nilikuwa natuma na dereva. Mimi nilikuwa nabaki. Ungeniambia, ningemuosha tumbo na mupira munene. Saa moja tu, tunaendelea."

Walimpeleka Kirolirwe kesho yake, amefungwa kwenye shuka la hospitali, nyuma ya gari la viazi. Uwamwezi alikaa naye, chombo cha mti mapajani. Watu walilia kuanzia malishoni. Mama Murekatete hakulia. Alikuwa ameketishwa kwenye mkeka mlangoni, na kabla ya kuuliza lolote kuhusu kisu au daktari, alinyoosha mikono akapokea chombo chake. Akafunua mfuniko, akachungulia ndani.

"Alikunywa?"

"Alikunywa, Mama."

"Yote?"

"Yote. Mimi njo nilimunywesha."

Yule bibi akaushika mkono wa mkwewe, akauweka shavuni kwake.

"Asante, binti yangu," akasema. "Mungu akubariki. Wengine wangemunyima."

Uwamwezi akamwachia mkono wake pale shavuni, na maneno ya dokta akabaki nayo.