Pini ya Kola

Kola zote mbili zilikuwa tupu. Fundi akajipapasa shingoni, kushoto, kulia, kushoto tena, jasho likimtoka. Pini haipo!

Kwenye darasa la kumbukumbu la wagonjwa wa sukari, nesi aliwaambia kila mtu achague alama yake. Yeye, miaka thelathini nyuma ya cherehani, akachagua pini: asubuhi ikae kola ya kushoto, akishajidunga insulini aihamishie kulia. Darasa zima likampigia makofi, naye akavimba kichwa. Sasa mteja wa kwanza kaja, kaacha suruali ya kupunguzwa, na ule mkono wa fundi usiosikia la mtu ukachomoa pini shingoni ukaibana kwenye pindo. Ilitoka kola ipi? Hata umtie kitanzi, hakumbuki.

Kalamu ya kudungia insulini ilikuwa mezani, kando ya chaki. Kama hajadunga, sukari itapanda. Na kama kadunga, akarudia? Wiki mbili zilizopita alirudia, wakamwokota chini ya meza ya kukatia, sukari imeshuka, anaongea ovyo. Siku hiyo binti yake alisema, "Baba, ukisahau tena mara moja tu, nafunga hili duka, unakuja kukaa kwangu." Na binti yule hatanii. Ukaidi wa baba yake kaubeba wote.

Akafanya alichofundishwa. Akarudi mlangoni, akaianza asubuhi upya kwa sauti. "Nimefungua kufuli. Nimechomeka pasi. Nimekula mkate. Nime..." Hapo kiza kitupu. Akarudia. Kufuli, pasi, mkate, kiza. Mpita njia akamtazama, akaongeza mwendo.

Aliogopa, jamani, tusifichane. Mkono ukaifuata kalamu. Adunge tu yaishe, nani atajua? Lakini maneno ya nesi yalikuwa yamemganda kichwani: ukiwa na shaka usidunge, uliza. Na kuuliza ni kumuuliza binti, na kumuuliza binti ni kumkabidhi funguo za duka kwa mkono wake mwenyewe. Akapiga simu.

"Mwanangu, sikumbuki kama nimeshajidunga."

"Baba," binti akasema polepole, "si umenipigia sasa hivi? Hata robo saa haijapita. Ukaniambia umeshadunga, umehamisha na pini. Ukacheka."

Simu ile hakuikumbuka hata chembe.

"Basi unakuja kufunga duka," akasema.

"Nakuja. Ya duka tutaongea. Wewe usiishike hiyo kalamu, umenisikia? Usiishike!"

"Nimekusikia."

Ila atakumbuka mpaka saa ngapi kwamba amesikia? Akavuta kigoda, akaketi, akaikalia mikono yake yote miwili. Akawa anasema kwa sauti, nimeshadunga, nimeshadunga, bila kupumzika, mpaka binti yake alipoingia mlangoni.